Mashine ya kukata nyasi iliyozima kila baada ya robo saa: uchambuzi wa kisa kimoja cha Nairobi

Usuli

Kisa hiki kilifika katika karakana yetu ndogo jijini Nairobi wakati wa mvua za vuli, majira ambayo nyasi za kikuyu hukua kwa kasi hivi kwamba ua uliokatwa Jumatatu huonekana kichaka kufikia wiki inayofuata. Mambo yote yanayoweza kumtambulisha mwenye mashine, mtunza bustani wake, mafundi waliotangulia na muuzaji wa vipuri yameondolewa, na mtaa wenyewe sitautaja isipokuwa kusema kwamba uko upande wa magharibi wa jiji, kwenye mteremko, na kwamba mteremko huo una nafasi yake katika habari hii.

Mashine ilikuwa ya kusukuma kwa mkono, yenye injini ya petroli ya silinda moja na ya mapigo manne. Tangi lake, la ujazo wa lita moja hivi, limekaa juu kidogo ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini, na petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe bila pampu yoyote. Ni muundo rahisi na wa kutegemewa, nao una sharti moja: kila tone linalotoka tangini lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Hewa hiyo hupitia tundu dogo lililo kwenye kifuniko cha tangi, tundu ambalo watumiaji wengi hawajapata kuliona.

Lalamiko tuliloletewa lilikuwa fupi. Mashine huwaka vizuri asubuhi, hufanya kazi kwa muda wa dakika 12 hadi 20, kisha huzima. Ikipumzishwa kidogo huwaka tena, hukata kwa muda kama ule ule, kisha huzima tena. Mwenye mashine, ambaye ndiye aliyeileta, alikuwa na hakika kwamba injini inachemka.

Yaliyofanywa kabla haijatufikia

Fundi wa kwanza, wa karibu na nyumbani, alibadilisha plagi na kumwaga petroli yote iliyokuwamo tangini akihofia kwamba ilichanganywa na mafuta ya taa. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Uchanganyaji huo ulikuwa umeenea nchini kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ilianzisha tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa tofauti ya bei iliyokuwa ikiwavutia wachanganyaji. Hata hivyo, angeweza kuijaribu petroli kabla ya kuimwaga. Tone moja likidondoshwa kwenye karatasi nyeupe, petroli safi hukauka na kutoweka, ilhali mafuta ya taa huacha doa la grisi. Alimwaga bila kujaribu, akatia mpya, na mashine ikazima kama kawaida yake.

Fundi wa pili alifungua kabureta, akaisafisha, akaona haijaponyeka, akamshauri mwenye mashine anunue nyingine. Kabureta mpya ilinunuliwa katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road na kufungwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo mambo yalizidi kuwa mabaya: mashine iliyokuwa ikizima baada ya dakika 20 sasa ilizima baada ya 12, na moshi mweusi ulianza kutoka kwenye ekzosi. Mwenye mashine alilichukulia hilo kuwa uthibitisho kwamba joto limezidi na kwamba injini yenyewe inaelekea kufa.

Naomba msomaji aikumbuke tarakimu hiyo ya dakika 20 kushuka hadi 12, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na habari nyingi kuliko zote, na hakuna aliyeisoma, nami nikiwamo.

Kosa letu sisi

Tulipoipokea, tulifanya uchunguzi ambao karakana yoyote ingejivunia. Mafuta ya injini yalikuwa safi na ya kiwango sahihi. Sponji ya kichungi cha hewa ilikuwa na vumbi, tukaiosha. Tuliondoa kava la juu tukakuta nyasi kavu zimejikusanya katikati ya mapezi ya silinda, jambo ambalo kwa kweli huzuia injini kupoa, tukazitoa zote. Mwanya wa plagi tuliupima tukauweka kwenye milimita 0.75, na mwanya kati ya koili, inayozalisha umeme wa cheche, na flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, ulikuwa sawa, tukauacha ulivyo.

Kisha tukaiwasha juu ya meza ya kazi. Katika karakana yetu tuna desturi, ambayo wakati huo niliiona kuwa ya busara, ya kujaribu injini ndogo kwa kutumia chupa ya petroli iliyotundikwa juu na kuunganishwa na kabureta kwa mpira, ili tusilazimike kujaza tangi la kila mteja. Mashine iliguruma kwa dakika 40 bila kusita. Niliandika kwenye daftari kwamba tatizo lilikuwa kuziba kwa mapezi, nikamwita mwenye mashine, akalipa, akaichukua.

Alirudi baada ya siku mbili. Hakuwa na hasira, jambo lililoniaibisha zaidi kuliko ambavyo hasira ingefanya. Mashine ilizima baada ya dakika 13.

Mwanagenzi wetu alipendekeza koili mpya, na hoja yake ilikuwa nzuri. Koili inayoanza kuharibika hufanya kazi ikiwa baridi, nyaya zake za ndani hukatika mawasiliano zikipata moto, kisha ikipoa cheche hurudi. Dalili ni zile zile: huzima ikiwa na moto, huwaka baada ya kupumzika. Zaidi ya hayo, mashine ilikuwa ikizima mapema zaidi katika nyasi nene na zenye maji kuliko katika nyasi fupi, na mzigo mkubwa huleta joto kubwa. Tulikaribia sana kuagiza koili. Kilichonizuia ni kwamba mwanagenzi angekuwa mtu wa nne kuitibu mashine bila kuiona ikizima. Fundi wa kwanza hakuiona ikizima, wa pili hakuiona, wala mimi sikuiona. Sote tulikuwa tumeitibu ikiwa baridi, kwa maelezo ya mtu ambaye haisukumi.

Uamuzi wa kwenda mahali penyewe

Niliamua mambo mawili kabla ya kwenda. La kwanza, tuliirudisha kabureta ya zamani, ambayo kwa bahati nzuri haikuwa imetupwa. Plagi tuliyoitoa baada ya dakika 13 za kazi ilikuwa nyeusi kwa masizi, dalili kwamba injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Tulilinganisha jeti za kabureta hizo mbili, yaani vipande vyenye tundu dogo linalopima petroli inayopita, tukakuta kwamba namba zilizochongwa juu yake hazilingani na kwamba tundu la ile mpya ni pana zaidi. Nairobi iko kwenye kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na ya Mombasa. Jeti inayofaa pwani huku juu humimina petroli ya ziada, sembuse iliyo pana kupita kiasi. Sikutaka kutafuta kosa la kwanza huku kosa la pili likipiga kelele kando yake.

La pili, niliazimia kwamba kila mashine itakapozima nitaiuliza swali moja tu. Injini iliyozima huanza kubadilika papo hapo: joto linapungua, petroli inasogea, hewa inapenya. Ukipima cheche, ukafungua kabureta na ukafungua tangi katika kuzima kumoja, utakuwa umepima hali tatu tofauti ukidhani umepima moja.

Asubuhi ya kwenda, mtunza bustani, mzee mwenye miaka mingi katika kazi hiyo, ndiye aliyeisukuma. Nilimsalimu, tukaongea kidogo kuhusu mvua, kisha nikamuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa na fundi wa kwanza: "Mzee, ikizima wewe hufanya nini?"

"Nafungua hapa nione kama petroli iko," alisema akigusa kifuniko cha tangi. "Nikiona iko nafunga, nakaa kidogo, navuta kamba, inaendelea. Fundi, ni kama inataka kupumua."

Alikuwa ametoa jibu zima. Ninakiri kwamba hata wakati huo sikulipokea lote, kwa sababu neno lililobaki masikioni mwangu lilikuwa "nakaa kidogo", ambalo bado lilikuwa linaelekea kwenye joto.

Kuzima mara tatu

Mara ya kwanza mashine ilizima baada ya dakika 18 na, kwa kuwa nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, niliisikia. Haikukatika ghafla kama taa iliyozimwa. Kwa muda wa kama nusu dakika sauti yake ilipanda na kushuka, ikapanda na kushuka, ndipo ikafa. Injini iliyopoteza cheche kwa kawaida hukatika mara moja, na ile inayokosa petroli huyumba kwanza. Mzee aliongeza kwamba akivuta choki wakati wa kuyumba, hupata sekunde chache zaidi. Choki hupunguza hewa inayoingia na hivyo kuvuta petroli kwa nguvu zaidi, kwa hiyo injini inayopata nafuu kwa choki inalia njaa. Swali langu la mara hiyo lilikuwa la cheche: tuliunganisha kipima cheche mara moja, kifuniko cha tangi kikiwa kimefungwa, tukavuta kamba, na cheche ikaonekana ya buluu na yenye nguvu. Koili ikaondoka kwenye orodha, pamoja na fedha ambazo mteja angezitoa.

Mara ya pili ilizima baada ya dakika 16, katika sehemu yenye nyasi nene. Swali lilikuwa la petroli. Tuliisogeza mashine kwenye murami, mbali na nyasi kavu, tukiwa na mtungi wa kuzimia moto karibu, nikalegeza bolti iliyo chini ya bakuli la kabureta, mahali petroli inaposubiri kabla ya kutumika, huku nikikinga kwa kikombe cha bati. Jaribio hili simruhusu mwanafunzi kulifanya peke yake, kwa kuwa injini ingali na moto. Kilichotoka kilikuwa kama kijiko kimoja, kisha matone yakafuata moja moja. Tangi lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Nilimwomba mzee afungue kifuniko. Tulisikia sauti fupi ya kufyonza hewa, na papo hapo matone yakageuka kuwa mkondo, nikaharakisha kukaza bolti.

Mara ya tatu swali lilikuwa la joto dhidi ya hewa. Siku zote mzee alipokuwa akifungua kifuniko alikuwa pia akipumzika, na mafundi wote tulisikia habari ya mapumziko tukaiacha ya kifuniko. Safari hii mashine ilipozima, kifuniko kilifunguliwa na kufungwa katika muda wa sekunde kumi hivi na kamba ikavutwa bila kusubiri. Ilishika kwenye mvuto wa pili, injini ikiwa na moto ule ule uliosemwa kuwa unaiua.

Kilichokuwa ndani ya kifuniko

Tulikigeuza kifuniko. Ndani yake kulikuwa na duara la mpira lililokatwa kwa ustadi kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli na kukaa vizuri mahali pa gasketi, likiwa limefunika tundu la hewa lote. Mzee aliliweka yeye mwenyewe miezi michache nyuma, na sababu yake ilikuwa ya haki kabisa. Gasketi ya asili ilikuwa imekauka na kupasuka, na kila alipokata mteremko petroli ilivuja juu ya tangi na kutiririka kuelekea ekzosi. Aliogopa moto. Alikuwa amemwambia mwenye nyumba kwamba kifuniko kinavuja, akaambiwa kwamba itashughulikiwa.

Kwa nini basi mashine haikuzima dakika ya kwanza? Kwa sababu mpira haukuziba kila kitu. Hewa kidogo ilipenya pembeni, kwenye nyuzi za kifuniko, ila polepole kuliko petroli ilivyotumika. Petroli iliyo sentimita 10 juu ya kabureta husukumwa na nguvu ndogo sana, isiyofikia asilimia 1 ya shinikizo la hewa ya Nairobi, kwa hiyo upungufu mdogo wa hewa tangini ulitosha kuupunguza mkondo. Bakuli la kabureta likawa linapokea kidogo na kutoa kingi, likishuka taratibu hadi likakauka. Kila kilichoongeza matumizi ya petroli kilifupisha muda huo: nyasi nene zilifanya hivyo, na kabureta mpya yenye jeti pana ikafanya hivyo zaidi. Hiyo ndiyo maana ya dakika 20 zilizogeuka kuwa 12. Na mashine ilipopumzishwa, hewa ile kidogo ilipata wakati wa kuingia, bakuli likajaa, na mapumziko yakapewa sifa ya kuponya joto ambalo halikuwapo.

Matokeo

Tulilitoa duara la tyubu, tukakifunga kifuniko cha zamani kikiwa kimelegezwa kidogo, tukaiendesha mashine mahali tambarare kwa dakika 40 kama uthibitisho tu, kwa sababu kukata nyasi na kifuniko kilicholegea ni kujitafutia ajali. Haikuzima. Siku iliyofuata tulifunga kifuniko kipya chenye tundu lake na gasketi nzima. Tulikubaliana na mzee kwamba asijaze tangi hadi mdomoni, bali aache nafasi ya vidole viwili, na kwamba mteremko aukate kwa kuukingama badala ya kupanda na kushuka, utaratibu ambao kwa mashine za kusukuma ni salama zaidi kwa miguu yake pia. Katika wiki sita zilizofuata ilikata ua mzima kila juma bila kuzima, isipokuwa siku moja ambapo petroli iliisha.

Yaliyofaa na yaliyoharibika

Kilichofaa zaidi ni kuisikiliza injini wakati wa kufa kwake, na kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakifanyika pamoja. Siamini kwamba tulihitaji kipima cheche ili kufika pale, ingawa kiliokoa bei ya koili. Swali la kifuniko lingeweza kujibiwa na mtu yeyote nyumbani kwa sekunde kumi na bila spana.

Kilichoharibika ni kirefu zaidi. Fundi wa pili aliongeza kosa jipya juu ya la zamani, kisha kosa jipya likatoa moshi uliomshawishi kila mtu kwamba ugonjwa ni mmoja na unakua. Simlaumu kwa kusafisha kabureta, kwa sababu katika mashine kumi zinazozima ambazo mimi hupokea, nyingi huwa na uchafu humo. Namlaumu kwa kufunga kabureta ngeni bila kulinganisha jeti, katika jiji lililo kwenye kimo hiki.

Jaribio langu la mezani lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilikuwa na sura ya uthabiti. Chupa iliyotundikwa ilikuwa wazi juu, kwa hiyo iliondoa kwenye jaribio sehemu ile ile iliyokuwa na kosa, yaani tangi na kifuniko chake. Isitoshe, injini iliguruma bila mzigo, na hata kama ningetumia tangi lake, hewa iliyopenya pembeni huenda ingetosha kuilisha mchana kutwa. Dakika 40 za ushahidi hazikuthibitisha chochote kuhusu mashine kama inavyotumika. Chupa bado tunayo, ila sasa huja baada ya injini kuendeshwa kwa tangi na kifuniko chake.

Kuhusu mtunza bustani, ni rahisi kuandika kwamba yeye ndiye chanzo, na mwenye mashine alianza kusema hivyo tulipomwonyesha ule mpira. Nilimweleza kwamba bila mpira ule petroli ingeendelea kudondokea ekzosi yenye moto, na kwamba kati ya mashine inayozima na mashine inayowaka moto, mzee alichagua vyema kwa vitu alivyokuwa navyo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba tundu lile lina kazi. Fomu yetu ya mapokezi, iliyokuwa ikiuliza jina la mwenye mashine na dalili, sasa inauliza pia ni nani anayeiendesha, na kama hakuja nayo tunampigia simu kabla ya kushika bisibisi.

Lililobaki ni suala la fedha. Mwenye mashine aliirudisha kabureta mpya dukani akakataliwa, kwa kuwa kipuri kilichokwisha kufungwa hakirudishwi. Sisi tulimrudishia malipo ya ziara ya kwanza, ile ya mapezi, na kabureta tukainunua kwake kwa nusu ya bei aliyoilipa. Iko kwenye rafu, ikisubiri jeti ndogo zaidi.